Mbeleko Haimpi Mbunge Miguu: Kigoma Mjini na Kiti cha 1994

Februari 1994 wapiga kura wa Kigoma Mjini waliitwa kwenye uchaguzi mdogo, miongoni mwa chaguzi za mwanzo kabisa tangu vyama vingi viruhusiwe tena nchini mwaka 1992. CCM ilimsimamisha Azim Suleman Premji, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi. Chadema, iliyokuwa bado changa, ilimsimamisha Dk. Aman Walid Kabourou. Premji akatangazwa mshindi, Kabourou akaenda mahakamani. Mahakama Kuu ikabatilisha matokeo, Mwanasheria Mkuu wa Serikali na wenzake wawili wakakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikatoa hukumu ambayo mwanafunzi wa sheria nchini hawezi kumaliza somo la uchaguzi bila kukutana nayo. Kwa miaka yote hii kesi hiyo imesimuliwa kama pambano la upinzani na dola, na ni kweli ilikuwa hivyo. Lakini ina upande mwingine ambao haujazungumzwa vya kutosha, nao ni ule wa mtu aliyetangazwa mshindi. Ninachotaka kukieleza hapa ni kwamba mbunge anayetoka katika jamii ndogo, yule ambaye jina lake au rangi yake humfanya aulizwe maswali ambayo wenzake hawaulizwi, ndiye anayeumizwa kuliko wote na ushindi wa kubebwa. Wanaombeba hudhani wanamsaidia, kumbe wanamnyang'anya kitu pekee ambacho kingemtetea siku ya kuulizwa: kura zisizo na shaka.

Ili kuelewa kilichotokea ni lazima tukumbuke Kigoma ya 1994 ilisikia nini na kwa njia gani. Televisheni ilikuwa ndiyo kwanza inaanza Tanzania Bara, na redio binafsi zilikuwa zinazaliwa Dar es Salaam, mbali kabisa na Ziwa Tanganyika. Magazeti yalisafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa treni ya reli ya kati, yakifika habari zikiwa zimeshachacha. Kilichobaki ni Radio Tanzania Dar es Salaam. Ilisikika kwenye maduka ya Mwanga, kwenye vibaraza vya Ujiji, na kwa wavuvi walioanika betri juani mchana ili zipate nguvu ya kufika taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Redio hiyo ilikuwa mali ya umma, ikiendeshwa kwa fedha za walipa kodi wa vyama vyote na wasio na chama. Mahakama ya Rufani iliridhika kwamba katika kampeni za Kigoma redio hiyo ilipendelea upande mmoja, upande wa mgombea wa CCM, na kwamba jambo hilo lilikwenda kinyume cha sheria iliyovitaka vyombo vya umma viwatendee wagombea wote kwa usawa. Msingi huo ulikuwa mpya kwa nchi iliyokuwa imetoka kwenye chama kimoja muda mfupi tu nyuma, ambako redio, serikali na chama vilikuwa vitu vinavyozungumza kwa sauti moja bila mtu kuona ajabu.

Suala la pili lilikuwa barabara. Anayeijua Kigoma anajua mji huo umekatika vipande: bandari na stesheni ya reli chini kabisa, Mwanga juu, halafu Ujiji yenyewe, ule mji mkongwe wa misafara, kilomita kadhaa kusini. Barabara inayoviunganisha vipande hivyo ndiyo uti wa maisha ya mji. Februari ni mwezi wa mvua upande ule wa ziwa, na mwezi wa mvua kila mtu anaifikiria barabara. Serikali kuingiza ahadi na kazi za barabara katikati ya kampeni ni jambo lililofika mbele ya majaji, nao hawakulichukulia kuwa dogo. Mgombea anayesema nikichaguliwa nitapigania barabara anafanya siasa. Serikali inayojitokeza siku za kampeni na barabara mkononi, huku mgombea wake akisimama kando, inafanya jambo jingine kabisa, kwa sababu mpiga kura anaonyeshwa kwamba hazina ya taifa ina chama.

Sasa mtazameni Premji katika hali hiyo. Hukumu ilihusu mwenendo wa dola na vyombo vyake, na mimi simtuhumu yeye binafsi kwa lolote. Lakini baada ya hukumu hiyo hakuna awezaye kusema ni wangapi Kigoma Mjini walimpigia kura kwa hiari na imani. Inawezekana kabisa walikuwa wengi. Inawezekana angeshinda hata redio ingekuwa na haki na hata barabara ingengoja hadi Machi. Wahindi si wageni pale. Wafanyabiashara wao walifuata njia ya misafara ya Ujiji tangu karne ya kumi na tisa, na fedha za Wahindi wa Unguja kama Tharia Topan ndizo zilizogharimia safari za watu kama Tippu Tip hadi ng'ambo ya ziwa. Mpiga kura wa Kigoma aliyekwenda kupiga kura kumchagua Premji huenda alikuwa anafanya tendo la uungwana mkubwa wa kisiasa: kumpima mtu kwa uwezo wake bila kujali asili yake. Tendo hilo limefutika. Limefutwa na wale waliodhani bila msaada wao lisingetokea.

Hasara hiyo ilikuja wakati mbaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, biashara huria ilipofunguliwa na tofauti za kipato zikaanza kuonekana kwa macho, siasa za barabarani Dar es Salaam zilipata lugha yake. Mchungaji Christopher Mtikila aliwavuta watu kwa kuwagawa wananchi kuwa walalahoi na magabachori, na kila aliyesikia alijua neno la pili liliwalenga akina nani. Katika hewa ya namna hiyo, Mhindi aliyeshinda kiti cha ubunge kwa njia iliyonyooka angekuwa jibu zuri kuliko hotuba yoyote ya umoja wa kitaifa. Mhindi aliyetangazwa mshindi, kisha mahakama ikasema uchaguzi haukuwa halali, akageuzwa kuwa ushahidi wa upande wa Mtikila, ingawa hakuna jaji aliyesema neno juu ya asili yake. Ndiyo maana nasema mbeleko ilimwangusha. Mgombea wa kabila kubwa aliyebebwa akipoteza kiti, watu husema chama chake kimeiba. Wa jamii ndogo akikipoteza, hasira hutafuta njia ya kuwashukia watu wake wote.

Nchi hii ilikuwa imeshawahi kuipata njia bora, na Kigoma ilikuwa sehemu ya historia hiyo. Mwaka 1958, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza, uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanywa kwa utaratibu wa kura tatu: kila jimbo litoe Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, na kila mpiga kura alazimike kuwachagua wote watatu, asipofanya hivyo kura yake iharibike. Mpiga kura mwenyewe alitakiwa awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambulika. TANU iliuchukia mfumo huo, na kwenye mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958 nusura ipasuke juu yake. Zuberi Mtemvu alijitoa na kuunda chama chake cha African National Congress. Nyerere aliwashawishi wenzake waingie wakaubomolee humo ndani. Jimbo la Magharibi, lililoibeba Tabora na Kigoma pamoja, likamtoa kwa nafasi ya Kiasia wakili Mahmud Rattansey, ambaye mwaka huo huo alikuwa miongoni mwa mawakili waliomtetea Nyerere mahakamani kwenye kesi ya kukashifu. Rattansey hakuingia barazani kwa kura za Wahindi wenzake peke yao. Kura za Waafrika waliokubaliana na TANU ndizo zilizoamua.

Hata hivyo kiti kile kilikuwa na kasoro ambayo ubora wa mtu hauwezi kuitibu. Kilikuwa kiti cha rangi. Katika uchaguzi wa 1960 viti vilikuwa 71, na kati ya hivyo 11 vilitengewa Waasia na 10 Wazungu. Mbunge wa kiti cha namna hiyo, hata awe mzalendo kiasi gani, angeweza kuambiwa wakati wowote kwamba hakushindana na kila mtu. Ndipo ilipokuja Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, na mjadala wa uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika ufuate rangi ya ngozi. Nyerere aliwajibu kwa ukali ambao si wa kawaida kwake, akaweka wazi kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali, na muswada ukapita ukiwa hauna rangi. Nchi iliyokuwa haijapata hata bendera yake ilichagua kuanza na raia wa aina moja. Ni uamuzi ambao hatuutaji mara nyingi tunapoorodhesha mafanikio ya Uhuru, nami naamini ulikuwa mkubwa kuliko mengi tunayoyataja.

Mtihani halisi wa uamuzi huo ulikuja 1965. Viti vya rangi vilikuwa vimekwisha. Chama kilikuwa kimoja, lakini kila jimbo lilipata wagombea wawili wa TANU, mmoja akipewa alama ya jembe na mwenzake ya nyumba. Mikutano iliandaliwa na chama wilayani, wagombea wote wawili wakipanda jukwaa moja. Walikatazwa kuzungumzia rangi, kabila au dini ya mpinzani, na hakuna aliyeruhusiwa kudai kwamba chama kinamtaka yeye kuliko mwenzake. Unaweza kuusema mfumo ule kwa mengi, na mimi siutamani urudi; nchi yenye chama kimoja haina jibu kwa anayekikataa chama chenyewe. Lakini ndani ya mipaka hiyo uwanja ulikuwa sawa, na ushahidi ni walioanguka. Paul Bomani, waziri wa fedha na mmoja wa vigogo wa Kanda ya Ziwa, alipoteza kiti chake. Amir Jamal, Mwismaili mwenye asili ya Gujarat, alishinda Morogoro, jimbo ambalo wapiga kura wake walikuwa Waafrika kwa idadi kubwa mno. Nyerere alipohitaji waziri mpya wa fedha alimchukua Jamal, naye akaishika wizara hiyo kwa vipindi kadhaa hadi 1983. Alipoleta bungeni hatua ngumu za kodi na bajeti za miaka ya njaa na vita, hakuna aliyeweza kumwambia kwamba yuko pale kwa hisani. Alikuwa na Morogoro nyuma yake.

Tofauti ya Jamal na Premji, kwa mtazamo wangu, haimo katika watu wenyewe. Imo katika uwanja walioingizwa. Mmoja aliachwa apambane, mwingine akapiganiwa.

Tukitaka mfano ulio wazi zaidi, tuvuke Bahari ya Hindi hadi Sri Lanka, iliyoitwa Ceylon wakati huo. Savumiamoorthy Thondaman, kiongozi wa Watamil waliopelekwa kutoka kusini mwa India kufanya kazi kwenye mashamba ya chai, alichaguliwa mbunge wa Nuwara Eliya mwaka 1947. Mwaka uliofuata bunge jipya la nchi huru likapitisha sheria ya uraia iliyowaacha mamia ya maelfu ya watu wake bila taifa, na bila uraia majina yao yakafutwa kwenye daftari la wapiga kura. Mbunge akabaki hana wapiga kura. Alirudi bungeni mwaka 1960, lakini kwa kuteuliwa. Matokeo ya kuteuliwa yakaonekana 1964: waziri mkuu Sirimavo Bandaranaike, ambaye serikali yake ndiyo iliyomteua, alifunga na Lal Bahadur Shastri wa India mkataba uliowagawa Watamil wale, 525,000 warudishwe India na 300,000 wapewe uraia wa Ceylon, huku hatima ya wengine 150,000 ikiahirishwa. Kiongozi wao alikuwa amekaa bungeni na hakushirikishwa. Mambo yaligeuka baada ya 1977, alipochaguliwa tena kwa kura. Mwaka 1978 akawa waziri, akiwa na kura za kubadilishana nazo, na mwaka 1988 ikapitishwa sheria ya kuwapa uraia wale waliokuwa bado hawana taifa. Mtu ni yule yule, akili ni ile ile, na bunge ni la nchi ile ile. Kilichobadilika ni chanzo cha kiti chake.

Yupo atakayeniambia kwamba nayasema haya kwa urahisi mno, kwamba jamii ndogo ikiachwa ishindane bila msaada haitaonekana bungeni kamwe, na kwamba ndiyo maana nchi yetu yenyewe ina viti maalumu vya wanawake. Hoja hiyo nzito naiheshimu. Lakini viti maalumu vya wanawake vimewekwa hadharani kwenye Katiba, kila mtu anajua idadi na njia yake, na hakuna mbunge wa viti maalumu anayejifanya ameshinda jimbo. Kigoma Mjini 1994 msaada ulifichwa ndani ya kiti cha ushindani. Msaada ulioandikwa kwenye sheria unaweza kujadiliwa, kupimwa na kusitishwa. Uliopenyezwa kupitia redio ya taifa humwachia aliyesaidiwa madoa asiyoweza kuyafua. Tena wabunge wa viti maalumu wenyewe wanajua uzito wa kwenda jimboni, ndiyo maana wengi wao wakipata nafasi huenda kugombea huko.

Pingamizi jingine ni la pesa. Watu husema wabunge wenye asili ya Kiasia tuliowaona baada ya 1992, kama Rostam Aziz wa Igunga na Mohammed Dewji wa Singida Mjini, walikuwa wafanyabiashara wakubwa, na kwamba mifuko yao ndiyo iliyogombea. Hapa nakubali nusu. Pesa ni tatizo la kweli katika siasa zetu, lakini halina asili. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili mgombea aruhusiwe kutoa takrima kwa nia njema, na mlango huo ulitumiwa na wagombea wa makabila na dini zote. Mashirika ya haki za binadamu yalikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 mahakama ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vilimbagua mgombea asiye na kitu. Anayekerwa na pesa za Mhindi na kuzifumbia macho za mkwe wake hana ugomvi na rushwa. Na hapa pia anayenufaika zaidi na sheria kali ni mgombea wa jamii ndogo aliye safi, kwa maana sheria kali ndiyo itakayomtenganisha na tuhuma iliyomngoja tangu siku aliyozaliwa.

Wapo pia wanaoitetea serikali ya wakati ule: je, maendeleo yasimame kwa kuwa kuna kampeni? Barabara isitengenezwe kwa sababu Chadema wamesimamisha mtu? Hapana, kazi iliyopangwa kwenye bajeti na iendelee. Sheria haijawahi kumzuia mkandarasi kumwaga kokoto. Inachokataza ni mafungamano ya kazi hiyo na mgombea mmoja, kuwafanya watu waamini kwamba wakichagua vingine mitambo itaondoka. Mpaka huo si mgumu kuuona. Mkurugenzi wa halmashauri yeyote anaujua, na waziri anaujua zaidi.

Kwa nini basi funzo hili limetokea Kigoma, na kwa nini watu wa Kigoma walijali kiasi cha kulifikisha mahakama ya juu kabisa? Nadhani ni kwa sababu wao wenyewe wanajua vizuri maisha ya raia anayetiliwa shaka. Ujiji ni mji wa Waha, Wamanyema ambao wazee wao walivuka kutoka Kongo enzi za misafara, Wabembe, Waarabu, Wahindi na wengine wengi. Mkoa umepakana na Burundi, na Kongo iko ng'ambo ya maji. Umepokea wakimbizi kwa miongo mingi. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu imekuwepo tangu miaka ya 1990. Matokeo yake mtu wa Kigoma, akiwa mbali na kwao, huulizwa babu yake alizaliwa wapi, swali ambalo mtu wa Dodoma au wa Mtwara haulizwi mara kwa mara. Malalamiko ya wakazi kusumbuliwa juu ya uraia wao yamefikishwa bungeni na wabunge wa mkoa huo mara nyingi. Wanaosema ni lazima dola iwe macho kwenye mpaka wana haki. Uraia ni kitu cha thamani na una sheria yake. Ila macho ya dola yana historia ya kufumbuka wakati wa siasa. Februari 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi na mchapishaji wa magazeti aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, aliambiwa si raia, pamoja na wenzake kadhaa akiwemo balozi Timothy Bandora. Mtu aliyeaminiwa kuongoza wilaya na kutunga sheria aligundulika kuwa mgeni baada ya magazeti yake kuwa makali. Ikiwa yeye yalimkuta, mvuvi wa Kibirizi afanye nini?

Hapo ndipo asili ya Premji na asili ya mpiga kura wake zinapokutana. Wote wawili wanahitaji kitu kimoja: nchi ambayo haitoi uraia na ushindi kama zawadi, kwa kuwa kinachotolewa kama zawadi kinaweza kudaiwa. Na rekodi ya mkoa huo inaonyesha watu wasiopenda kudaiwa. Oktoba 1995 Kigoma Mjini ilimpeleka Kabourou bungeni, ikamrudisha 2000. Mwaka 2005 ikamchagua Peter Serukamba wa CCM, wakati jirani zao wa Kigoma Kaskazini wakimchagua Zitto Kabwe wa Chadema, kijana wa miaka 29, ambaye Agosti 2007 alisimamishwa bungeni baada ya kuuhoji mkataba wa mgodi wa Buzwagi, na miezi michache baadaye akateuliwa kwenye kamati ya Jaji Mark Bomani ya kuchunguza mikataba ya madini. Mwaka 2010 mkoa huo uliipa NCCR-Mageuzi majimbo manne kwa mpigo, jambo ambalo hakuna mkoa mwingine uliolifanya. Mwaka 2015 Kigoma Mjini ikampa Zitto kiti akiwa na chama kipya cha ACT-Wazalendo, mbunge pekee wa chama hicho, na 2020 ikatangazwa kurudi CCM kwa Kilumbe Ng'enda. Mtu anayetafuta kabila au dini ya kuyaeleza matokeo hayo yote atachoka. Wamechagua watu wa vyama vinne kwa miaka ishirini na tano, na waliwapima kwa kazi, kwa ulimi, kwa ahadi na wakati mwingine kwa hasira.

Sidai kwamba mahakama zilimaliza tatizo. Baada ya kesi ya Kigoma sheria ilikuja kumtaka mlalamikaji aweke dhamana ya shilingi milioni tano kabla kesi yake ya uchaguzi haijasikilizwa, na ilibidi Julius Ndyanabo afike Mahakama ya Rufani mwaka 2002 ndipo sharti hilo likaondolewa, kwa hoja kwamba haki haiwezi kuwa na kiingilio cha namna hiyo. Wakurugenzi wa halmashauri, wanaoteuliwa na Rais, waliendelea kusimamia uchaguzi. Mahakama Kuu ilikataa utaratibu huo Mei 2019, na kabla mwaka huo haujaisha Mahakama ya Rufani ikaurejesha. Mbeleko ina vitambaa vingi. Lakini msingi uliowekwa kwa ajili ya Kigoma haujaondolewa: chombo cha umma kikimpendelea mgombea mmoja, ushindi wake unaweza kuvunjwa.

Kabourou mwenyewe alipanda hadi kuwa katibu mkuu wa Chadema. Baada ya kushindwa 2005 alihamia CCM, chama kile kile alichokishtaki kwa ajili ya redio, akawa mbunge wa Bunge la Afrika Mashariki na baadaye mwenyekiti wa CCM wa mkoa wa Kigoma. Alifariki Machi 2018. Waliomwita msaliti walikuwa na sababu zao, na waliomsamehe nao pia. Kuhama kwake hakukuibadilisha kesi aliyoiacha, na kila baada ya uchaguzi mkuu mawakili wa pande zote, wa walioshinda na wa walioshindwa, huingia mahakamani na jina lake kwenye majalada yao.